Proteasomu ya Binadamu Nje ya Mwili wa Binadamu

Dawa yoyote iuayo kimelea ni sumu, na swali la kwanza limpasalo mtengenezaji wake ni iwapo sumu hiyo itamdhuru kimelea peke yake au itamdhuru na mgonjwa. Kwa maradhi yaletwayo na bakteria jibu mara nyingi huwa rahisi, kwa kuwa bakteria wametofautiana sana na binadamu. Wana ukuta wa seli ambao binadamu hana, na penisilini huushambulia ukuta huo. Lakini vimelea vya kala-azar, vya malale na vya malaria si bakteria. Seli zao zina kiini kama zilivyo na kiini seli za binadamu, na vyombo vingi vilivyomo ndani yake vimefanana na vya binadamu kiasi kwamba kinachoharibu kimoja huelekea kuharibu na cha pili.

Taabu itokanayo na mfanano huo inajulikana vyema Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya, na Karamoja nchini Uganda, ambako kala-azar imekuwapo kwa miaka mingi. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu warukao, wadogo kuliko mbu, ambao katika sehemu hizo hupenda kujificha ndani ya vichuguu. Mgonjwa hushikwa na homa isiyokoma, hukonda, na wengu wake huvimba. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Mwaka 2010 matibabu yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa Afrika Mashariki yalikuwa sindano za dawa mbili, moja ikiwa na madini ya antimoni, kila siku kwa muda wa siku 17. Antimoni huua kimelea, lakini huweza pia kuudhuru moyo, ini na kongosho la mgonjwa.

Mwaka 2016 kundi la wachunguzi lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limepata kemikali iwezayo kuzuia kazi ya chombo kimoja ndani ya vimelea vya kala-azar, vya malale na vya ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini, bila kukigusa chombo kama hicho kilichomo katika seli za binadamu. Chombo hicho huitwa proteasomu. Nusu ya pili ya dai hilo ndiyo yenye uzito kwa mgonjwa, nayo haikuweza kuthibitishwa kwa maneno. Ilibidi proteasomu ya binadamu iwepo maabarani, safi, imetengwa na vitu vingine vyote vya seli, itiwe dawa ile ile na kupimwa. Namna ya kuipata proteasomu hiyo ni kazi iliyowachukua wanasayansi miaka mingi kuliko wengi walivyotazamia.

Protini zisizodumu

Kwa muda mrefu wataalamu wa elimu ya mwili waliamini kwamba protini za mtu mzima hukaa kama matofali ya nyumba, na kwamba chakula huliwa ili kupata nishati na kuziba nyufa chache. Imani hiyo iliangushwa na Rudolf Schoenheimer, mwanakemia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York katika miaka ya 1930. Schoenheimer aliwalisha panya asidi amino zilizotiwa alama ya naitrojeni 15, ambayo ni nzito kidogo kuliko naitrojeni ya kawaida, kisha akaifuatia alama hiyo ilikokwenda. Kama matofali yasingebadilika, karibu alama yote ingetoka katika mkojo. Badala yake sehemu kubwa ilikutwa imekwisha jengwa ndani ya protini za viungo vya panya hao. Nao walikuwa panya wazima ambao uzito wao haukuongezeka. Kwa hiyo kila ilipojengwa protini mpya, nyingine ya zamani ilikuwa imebomolewa.

Leo hukadiriwa kwamba mtu mzima hujenga na kubomoa kiasi cha gramu 300 za protini kila siku, ingawa kwa kawaida zile alizokula siku hiyo hazifiki nusu ya kiasi hicho. Baadhi ya protini huishi dakika chache tu. Nyingine, kama zile za lenzi ya jicho, hudumu maisha yote ya mtu. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Protini iamrishayo seli igawanyike ikiachwa baada ya kazi yake kwisha, seli itaendelea kugawanyika, na hiyo ni mojawapo ya njia za kuingilia katika saratani. Protini iliyokunjwa vibaya nayo ikiachwa, hugandamana na wenzake na kuwa uchafu usioondoka.

Lakini palikuwa na kitendawili. Mwaka 1953 Melvin Simpson alionyesha kwamba vipande vya ini la panya vikinyimwa nishati huacha kubomoa protini zao. Jambo hili lilishangaza, maana kuvunja protini kwa kawaida hakudai nishati. Vimeng'enya vya tumboni huyeyusha nyama bila kulipwa chochote, kama vile jiwe liporomokapo mlimani lisivyohitaji msukumaji. Kwa nini, basi, seli igharimie kazi ambayo ingefanyika bure?

Jibu lilianza kuonekana katika damu ya sungura. Seli changa nyekundu za damu hazina lisosomu, yaani vile vifuko ambamo seli nyingine humeng'enyea takataka, na hata hivyo hubomoa protini mbovu kwa kasi. Mwaka 1977 Joseph Etlinger na Alfred Goldberg wa Chuo Kikuu cha Harvard walizipasua seli hizo na kuonyesha kwamba maji yake peke yake, yakitiwa ATP, huendelea na ubomoaji. Mwaka uliofuata Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, mjini Haifa nchini Israeli, waliyagawa maji ya aina hiyo katika mafungu mawili. Kila fungu likiwa peke yake halikufanya kazi. Yakichanganywa, kazi ilirudi. Fungu la kwanza lilijaa himoglobini nyekundu ambayo ilikuwa vigumu kuiondoa, hata wakaamua kulichemsha. Yeyote aliyewahi kuchemsha yai anajua litokealo protini ikipata moto. Himoglobini iliganda ikawa kama tope, na ajabu ni kwamba majimaji yaliyobaki juu ya tope hilo yalikuwa bado na nguvu yake yote. Ndani yake mlikuwa na protini ndogo isiyoogopa moto.

Mwaka 1980 ilitambuliwa kwamba protini hiyo ni ubikwitini, yenye asidi amino 76, ambayo ilikuwa imekwisha tengwa mwaka 1975 bila kazi yake kujulikana. Hershko, Ciechanover na Irwin Rose wa Philadelphia walionyesha kwamba ubikwitini haikati kitu. Hugandishwa kwenye protini nyingine, kama vile alama ya X ipakwavyo rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba itakayobomolewa kupisha barabara. Mpakaji wa alama hiyo si mmoja. Kimeng'enya cha kwanza huiamsha ubikwitini kwa kutumia ATP, cha pili huibeba, na cha tatu huitambua protini ya kuwekewa. Vimeng'enya vya aina ya tatu ni vingi mno, binadamu akiwa na zaidi ya 600, kwa sababu kila kimoja kina protini zake kinazozijua. Hapo ndipo sehemu ya nishati inapokwenda: seli hailipi kwa ajili ya kuvunja, hulipa kwa ajili ya kuchagua. Watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Mzinga wenye lango

Chombo kisomacho alama na kutekeleza hukumu kilipewa jina la proteasomu mwaka 1988, baada ya kudhihirika kwamba makundi mbalimbali ya wachunguzi yalikuwa yakikiona kitu kile kile na kukiita kwa majina tofauti. Umbo lake latukumbusha mzinga wa nyuki wa gogo utundikwao mtini: mcheduara ulio wazi ndani, umefungwa pande zote mbili, na njia ya kuingilia ni ndogo. Urefu wake ni nanomita 15 hivi. Visu vyake vimo ndani, na huo ndio usalama wa seli, kwani protini ipitayo nje haiwezi kukatwa kwa makosa.

Mzinga huo umejengwa kwa pete nne zilizopandana, kila pete ikiwa na vijenzi saba. Pete mbili za nje ni za vijenzi vya alfa, na mbili za ndani ni za vijenzi vya beta. Katika kiumbe kidogo kiitwacho Thermoplasma acidophilum, kiishicho penye joto na asidi, alfa zote 14 ni za namna moja na beta zote 14 ni za namna moja. Binadamu ana alfa saba tofauti na beta saba tofauti, kila moja ikitokea mara mbili, na kila moja ina mahali pake pasipobadilishwa. Msomaji na ashike tofauti hii, kwa maana karibu ugumu wote utakaoelezwa hapa chini umetokana nayo.

Katika zile beta saba ni tatu tu zikatazo, yaani ya kwanza, ya pili na ya tano. Kila moja hupendelea kukata baada ya asidi amino za tabia fulani, na zote tatu hutumia asidi amino threonini iliyo mwanzoni kabisa mwa mnyororo wao kama makali ya kisu. Protini iingiapo ikiwa ndefu hutoka ikiwa vipande vya asidi amino 3 mpaka 25 hivi. Vingi hukatwakatwa tena na kutumiwa upya. Vichache hupelekwa kwenye uso wa seli na kuonyeshwa kwa askari wa mwili, ili kama kuna virusi ndani vipande vyake vimfichue.

Mzinga wenyewe huitwa 20S, namba hiyo ikitokana na kasi ya kuzama kwake katika mashine izungukayo. Kwenye ncha zake hukaa kofia iitwayo 19S, yenye vijenzi 19, ambayo huipokea protini yenye alama, huivua ubikwitini, huikunjua kwa nguvu ya ATP na kuisukuma ndani. Mzinga pamoja na kofia huitwa 26S.

Kwa nini isitolewe katika damu?

Mwalimu aweza kuulizwa swali hilo na mwanafunzi mwerevu, na ni swali la haki. Proteasomu imo katika kila seli yenye kiini na hata katika chembe nyekundu za damu, na kwa miaka mingi proteasomu za binadamu zilizotumika maabarani zilisafishwa kutoka katika damu, kondo la nyuma, au seli zikuzwazo katika vyombo. Kazi nyingi nzuri ilifanywa kwa njia hiyo, na bado hufanywa.

Hata hivyo kitolewacho katika mwili ni mchanganyiko. Baadhi ya mizinga ina kofia, mingine haina. Seli zikipokea ishara ya hatari iitwayo intaferoni gama, huziacha zile beta tatu za kukata na kuweka nyingine tatu mahali pake, zikaunda namna ya pili ya proteasomu inayofaa zaidi kwa ulinzi. Na katika viungo kama wengu namna hizo huwa pamoja. Mchunguzi apimaye dawa katika mchanganyiko wa namna hiyo hupata wastani wa vitu asivyovijua hesabu yake. Zaidi ya hayo, vimeng'enya vingine vya kukata protini hung'ang'ania, na hata vikibaki kidogo tu huweza kujibu kwa niaba ya proteasomu.

Lakini sababu kubwa kupita zote ni nyingine. Kilichotolewa katika mwili hakiwezi kubadilishwa. Mchunguzi akishuku kwamba dawa hushika mahali fulani kwa sababu ya asidi amino moja, hapati mtu wa kumtolea damu yenye asidi amino tofauti mahali hapo. Akiwa na jeni mkononi, aweza kuibadili herufi moja na kuunda proteasomu ambayo haijapata kuwepo, kisha akauona ukweli.

Kazi ya kuunganisha jeni

Njia ya msingi ya kutengeneza protini ya binadamu katika kiumbe kingine ilifunguliwa mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California walipoingiza vipande vya DNA katika plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA ya bakteria, na bakteria wakaizidisha. Insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa njia hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1982. Jeni ya binadamu haiwezi kupachikwa jinsi ilivyo, kwa kuwa imekatizwa na sehemu zisizo na maana kwa protini, na bakteria hawajui kuziondoa. Hutumika nakala iliyokwisha safishwa, au siku hizi jeni huundwa kwa kemia, herufi kwa herufi, kwa lahaja ipendwayo na kiumbe kitakachoisoma.

Ili protini ipatikane kwa urahisi, mwishoni mwa jeni huongezwa herufi za kutengeneza histidini sita mfululizo. Histidini hupenda kushikamana na nikeli. Maji ya seli zilizopasuliwa yakipitishwa katika bomba lenye chembechembe zilizobeba nikeli, protini yenye mkia huo hunasa na nyingine hupita. Katika proteasomu mkia huo hauwekwi popote tu. Mwanzo wa alfa ndio mlango wa mzinga, na mwanzo wa beta zikatazo ndio makali ya kisu. Kwa hiyo mkia hutiwa mwishoni mwa mnyororo, upande usio na kazi hizo.

Mwaka 1992 Peter Zwickl, Friedrich Lottspeich na Wolfgang Baumeister, nchini Ujerumani, waliziweka jeni mbili za Thermoplasma ndani ya Escherichia coli, na bakteria hao wakatoa proteasomu kamili ikatayo. Ilikuwa habari njema, na ilijenga tumaini kwamba ya binadamu haiko mbali. Tumaini hilo lilikawia. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba alfa ya saba ya binadamu ikitengenezwa peke yake katika bakteria hujipanga yenyewe katika pete mbili za saba saba, nzuri kwa kutazama na zisizofaa kitu. Kijenzi kimoja kilikuwa kimekalia viti vya wenzake sita! Alipoongezewa beta mbili za binadamu, mzinga haukuundika.

Hapa yafaa kusema jambo ambalo hupotosha watu wengi waonapo orodha za bidhaa za maabara. Kijenzi kimoja cha proteasomu, tuseme beta ya tano, huweza kutengenezwa na bakteria na kuuzwa kikiwa safi. Kina manufaa: hutumika kuthibitisha kwamba kingamwili fulani inakitambua kijenzi hicho, au kama kipimo cha kulinganishia. Lakini hakikati. Beta ya tano huzaliwa ikiwa na kipande cha ziada kilichofunika threonini yake, na kipande hicho huondolewa pale tu mzinga unapokamilika. Anayetaka kupima dawa ya kuzuia ukataji kwa kutumia kijenzi hicho peke yake atapoteza muda na fedha.

Makungwi wa mzinga

Bakteria hawakushindwa kwa uvivu. Walikosa wasaidizi. Katika seli ya binadamu vijenzi vya proteasomu havikutani ovyo. Hushikwa mkono na protini tano ziitwazo PAC1, PAC2, PAC3, PAC4 na POMP, ambazo baadhi ya kazi zake zilifafanuliwa mwaka 2005 na kundi la Keiji Tanaka na Shigeo Murata la Japani. Zaweza kufananishwa na makungwi, kwa kuwa humwongoza mwali mpaka mlangoni lakini wao wenyewe hawaolewi. Zile nne za kwanza husimamia pete ya alfa, zikizuia kijenzi kisichostahili kukalia kiti cha mwenzake. POMP huzipokea beta, ambazo hujipanga juu ya alfa kwa utaratibu, beta ya pili ikitangulia na ya saba ikija mwisho. Nusu mbili za mzinga zikisha kutana, zile beta zikatazo hujivua vipande vyao vya ziada, makali hujitokeza, na POMP, ambayo imefungiwa ndani, huwa ya kwanza kukatwakatwa na chombo ilichosaidia kukijenga.

Ilibidi, kwa hiyo, kutafuta kiumbe kiwezacho kupokea jeni nyingi kwa mpigo na chenye seli iliyo karibu zaidi na ya binadamu. Kiumbe hicho kilipatikana miongoni mwa wadudu. Tangu mwaka 1983 palikuwepo njia ya kutumia virusi vya viwavi, viitwavyo bakulovirusi, kupeleka jeni za kigeni katika seli za wadudu zikuzwazo ndani ya chupa. Virusi hivi vina nafasi kubwa ya DNA, wala havimwambukizi binadamu. Mojawapo ya seli zitumiwazo zaidi kwa kazi hii duniani, iitwayo Sf9, asili yake ni ovari ya Spodoptera frugiperda. Wakulima wa mahindi wa Afrika Mashariki wanamjua mdudu huyo kwa jina la kiwavijeshi vamizi, tangu alipovuka kutoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016. Alaye shambani na atumikaye maabarani ni wa spishi moja.

Mwaka 2019 Adanya Toste Rêgo na Paula da Fonseca, waliofanya kazi hiyo nchini Uingereza, walieleza katika jarida la Molecular Cell jinsi walivyopata proteasomu 20S ya binadamu, kijenzi kwa kijenzi kutokana na jeni zilizopachikwa, katika seli za wadudu. Aina zote 14 za vijenzi zilikuwamo, na picha za darubini ya elektroni zilionyesha kwamba umbo lake ni lile lile la proteasomu itolewayo katika seli za binadamu. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu ile ya Thermoplasma.

Kofia ya 19S ilikuwa na historia yake. Mwaka 2012 na 2013 sehemu zake kubwa mbili, za hamira, zilitengenezwa ndani ya Escherichia coli katika maabara ya Andreas Martin huko Berkeley, Marekani. Sehemu ile yenye kutumia ATP ilikubali kuundika pale tu bakteria walipopewa pia jeni za makungwi wake.

Mwanga wa buluu

Proteasomu ikiisha patikana, hupimwaje? Kipimo cha kawaida ni chepesi kiasi cha kuelezwa ubaoni. Huchukuliwa kipande kifupi cha asidi amino nne, lusini, lusini, valini na tairosini, na mwishoni pake hugandishwa rangi iitwayo AMC. Rangi hiyo ikiwa imegandishwa haing'ai. Beta ya tano ikikata baada ya tairosini, rangi huachiliwa, na ikimulikwa kwa mwanga wa kiukaurujuani hutoa mwanga wa buluu. Kadiri mng'ao unavyopanda kwa dakika ndivyo kasi ya ukataji ilivyo. Dawa ya kuzuia ikitiwa, mstari wa grafu hulala.

Utulivu huo wa grafu una hila zake. Mzinga usio na kofia una mlango uliofungwa nusu, na hufunguliwa kwa kutiwa kiasi kidogo sana cha sabuni ya maabara, au kwa kupewa protini ya kuufungua. 26S ikikosa ATP hutengana na kofia zake, na mtu huenda akadhani anapima kitu kimoja kumbe anapima kingine. Zote mbili hutunzwa katika baridi ya sentigredi 80 chini ya sifuri, na kuyeyushwa mara kwa mara huziua. Umeme ukikatika usiku kucha, kazi ya wiki kadhaa huenda nao. Tena kimeng'enya kingine cha seli, kalpaini, nacho hukata kipande kile kile. Ndiyo sababu katika kila jaribio huwekwa chupa moja ya kulinganishia, yenye kizuizi kijulikanacho cha proteasomu. Mng'ao ukiendelea katika chupa hiyo, jaribio lina mgeni.

Kizuizi kijulikanacho zaidi ni bortezomib, ambayo kwa atomi yake ya boroni huishika threonini ya beta ya tano. Mwaka 2003 ilikubaliwa nchini Marekani kuwa dawa ya mayeloma, saratani ya seli za uboho zitengenezazo kingamwili. Seli hizo hutoa protini nyingi kupita kiasi, hivyo mtambo wa kubomoa ukizibwa huzidiwa kabla ya seli nyingine. Hata hivyo seli nyingine nazo huumia, na wagonjwa wengi hupata ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu mikononi na miguuni. Mwaka 2008 ilionekana kwamba seli za saratani zilizozoeshwa dawa hiyo maabarani zilikuwa zimebadili asidi amino moja, ya 49 katika beta ya tano, alanini ikawa threonini. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yafaayo kuundwa kwa makusudi katika jeni na kupimwa moja moja. Kadhalika mwaka 2011 ilijulikana kwamba ugonjwa wa kurithi wa Nakajo na Nishimura, ulioelezwa Japani tangu mwaka 1939, watokana na kosa katika jeni ya beta ya tano ya ulinzi.

Kutoka milioni tatu

Wale wachunguzi wa 2016, waliofanya kazi katika taasisi ya kampuni ya Novartis huko California pamoja na vyuo vikuu kadhaa, walianza kwa kuzijaribu kemikali milioni 3 juu ya vimelea vyenyewe. Walipopata moja iliyofaa waliiboresha mpaka ikawa ile iliyopewa jina la GNF6702, ambayo iliwaondoa vimelea katika panya wenye kala-azar, Chagas na malale. Lakini hawakujua inashika wapi. Wakawakuza vimelea vya Chagas kwa muda mrefu pamoja na kemikali ya jamii hiyo, mpaka wakapatikana walioizoea. Wakasoma jeni zao, na badiliko likakutwa katika beta ya nne ya proteasomu. Beta ya nne haikati. Imekaa jirani na ya tano, na kemikali hiyo hujibana katika nafasi iliyo kati yao, ikaizuia ya tano kufanya kazi bila kuyagusa makali yake.

Hiyo ndiyo siri ya kumwepuka binadamu. Makali ya threonini ni yale yale kwa kimelea na kwa mtu, na dawa iyashikayo, kama bortezomib, ina shida ya kuwabagua. Nafasi ya pembeni, kati ya vijenzi viwili, imetofautiana kwa asidi amino chache, na chache hizo zimetosha: GNF6702 ilipotiwa katika proteasomu ya binadamu, mwanga wa buluu uliendelea kupanda kama kwamba hakuna kitu kilichoongezwa. Wachunguzi wa Dundee huko Uskoti, pamoja na kampuni ya GSK, walipata kemikali yao wenyewe ishikayo mahali hapo hapo, na mwaka 2019 walitoa picha yake ikiwa imekaa ndani ya proteasomu ya leishmania. Utafutaji wa namna hii unaendelea pia dhidi ya proteasomu ya kimelea cha malaria, na dhidi ya ile ya bakteria wa kifua kikuu, ambao ni miongoni mwa bakteria wachache wenye chombo hiki.

Dawa iliyotokana na ukoo wa GNF6702 huitwa LXE408. Humezwa, haichomwi. Shirika la DNDi na kampuni ya Novartis wameifikisha katika majaribio kwa wagonjwa wa kala-azar nchini India na Ethiopia. Proteasomu ya chupani yaweza kusema tu kwamba chombo kimoja cha mwili hakikuguswa. Kuhusu moyo, ini na kongosho, ambavyo antimoni huvidhuru, hupimwa wagonjwa wenyewe, kitanda kwa kitanda.